Iksora zangu Nyamasaria zinageuka njano ilhali mbolea imewekwa

Bustani_Nyamasaria:

Hamjambo wapenda maua. Nina safu ya iksora nyekundu, kama mita 10, kando ya ukuta wa boma huku Nyamasaria, Kisumu. Nimeziacha sentimita 30 tu kutoka ukutani. Zilitoka kitaluni zikiwa za kijani iliyokolea na vishada vimejaa. Sasa majani machanga yote yanatoka njano, mishipa peke yake ndiyo imebaki kijani, na kwenye miche miwili ya mwisho yamekaribia kuwa meupe kabisa, ncha zimeungua. Maua ni machache na yanapukutika kabla hayajafunguka.

Udongo ni huu wetu mweusi wa Kano, unaonata masika na kupasuka kiangazi. Wakati wa kupanda niliweka samadi ya kuku wa mayai, nusu karai kwa shimo, pamoja na mbolea ya dukani ya DAP. Baadaye nikaweka mbolea ya CAN mara mbili. Jivu la jikoni pia namwaga pale chini kwa ajili ya wadudu. Maji ni ya mfereji. Majani ya chini bado ni ya kijani.

Ni nini kimepungua hapa? Na je, nizing'oe au zinaweza kuokolewa?

---

Shamba_Ahero:

Njano ni njaa, dada. Ongeza samadi iliyooza vizuri, karai moja kwa kila shina, kisha nyunyizia yuria kwenye majani, gramu 10 kwa lita moja ya maji. Wiki mbili utaona kijani.

---

Udongo_Maseno:

Ndugu wa Ahero, kwa mahindi ningekuunga mkono. Kwa iksora hii, hapana, tena samadi hiyo itaizidishia ugonjwa.

Kabla ya kutaja mbolea yoyote, angalia njano ilianzia wapi. Ikianza kwenye majani makuukuu ya chini na jani zima likapauka pamoja na mishipa yake, hiyo ni naitrojeni. Ikianza chini lakini mishipa ikabaki kijani, shuku magnesiamu. Majani ya chini yakitoka mabaka ya kahawia na zambarau yaliyotawanyika ovyo, hiyo ni potasiamu, na iksora huionyesha upesi kuliko maua mengi. Ila ikianzia juu, kwenye majani machanga, mishipa kijani na katikati njano, hapo ni chuma, mara nyingi kikiandamana na manganizi. Sababu ni hii: mmea ukikosa naitrojeni huichota kwenye jani kuukuu ukalilisha jani changa, lakini chuma kikishaingia kwenye jani hakihamishiki tena. Jani linalozaliwa ndilo hukosa. Wewe mwenyewe umesema majani ya chini bado ni ya kijani, kwa hiyo naitrojeni tumeshaiondoa kwenye orodha.

Sasa usikimbilie dukani kununua chuma. Udongo mweusi una chuma cha kutosha, tatizo ni kwamba kimefungwa. Iksora ni ya jamii moja na kahawa, asili yake kusini mwa India na Sri Lanka, na inataka udongo wenye uchachu, pH 5 hadi 6 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu huongezeka). Ikipita 6.5 huanza kulalamika. Ikifika 7.5 chuma kilichomo udongoni hakiyeyuki tena kwenye maji kwa kiasi ambacho mizizi yake inaweza kukivuta, hata kama kimejaa tele.

Tazama ulichoweka. Kuku wa mayai hulishwa chokaa ili ganda la yai liwe gumu, na sehemu kubwa ya chokaa hiyo hutoka na kinyesi. Jivu la kuni hupandisha pH haraka sana, ndiyo maana hutumiwa mahali pa chokaa kwenye mashamba yenye uchachu. CAN ya hapa Kenya huchanganywa na chokaa. DAP ina fosforasi nyingi, na fosforasi iliyozidi hushikana na chuma. Juu ya hayo yote ukuta: mafundi wakimaliza kupiga plasta, mabaki ya simiti hufukiwa palepale chini, na kila mvua huyeyusha chokaa kidogo kuelekea kwenye mizizi yako. Miche miwili iliyopauka zaidi, je, iko karibu na mahali mafundi walipokuwa wakikorogea simiti?

Pima kwanza. Vipimo ni viwili na havina gharama kubwa.

Cha kwanza ni siki. Chukua udongo kutoka kina cha sentimita 15, uanike ukauke, uweke kijiko kimoja kwenye kisahani cheupe, udondoshee siki nyeupe ya dukani. Ukichemka kwa mapovu na kutoa sauti ndogo, kuna chokaa huru. Ukitulia, huenda pH iko juu bado, lakini angalau hupigani na akiba ya chokaa.

Cha pili ni karatasi za pH, zile zenye rangi kadhaa kwenye kipande kimoja, zinazosoma nusu kwa nusu. Pima gramu 20 za udongo mkavu uliochekechwa, tia mililita 50 za maji yaliyochujwa kwa mvuke. Kituo cha petroli huuza maji hayo ya kujazia betri. Hakikisha muuzaji amekupa maji na si asidi, kwa sababu chupa zinafanana. Koroga, acha nusu saa, koroga tena, ngoja yatulie, chovya karatasi kwenye maji ya juu. Udongo mweusi hautulii upesi, kwa hiyo chuja kwa kitambaa cha pamba safi. Chukua sampuli mbili, moja karibu na ukuta na moja mita mbili kutoka hapo. Vile vifaa vya kuchomeka udongoni vyenye mishale miwili, vya bei rahisi, visikupotezee pesa. Vinabadilika kwa unyevu zaidi kuliko kwa pH. Ukitaka kipimo kamili chenye madini yote, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, wanapima udongo.

Na fukua mche mmoja kidogo pembeni uangalie mizizi. Mizizi mizima ya iksora ni myembamba na myeupe kwenye ncha. Ikiwa na vinundu vinundu, hiyo ni minyoo fundo ya udongoni, hasa kama palikuwa na nyanya au bilinganya. Ikiwa nyeusi, laini na inanuka, ni maji yaliyotuama. Mizizi ikiwa imeharibika, hata pH nzuri haitakupa kijani, maana chuma huingia kupitia ncha changa za mizizi tu.

---

Shamba_Ahero:

Nimekubali kuhusu jivu na CAN. Ila watu wengi huku humwagilia siki na maji ya ndimu. Hiyo haifanyi kazi?

---

Udongo_Maseno:

Kwa siku chache tu. Siki na ndimu ni asidi ambazo vijidudu vya udongoni huzila na kuzimaliza, kisha pH hurudi ilipokuwa. Kwenye maji ya kumwagilia zina kazi yake, kwenye udongo hapana.

Dawa ya kushusha pH ya udongo ni salfa ya unga, ile ya njano inayouzwa agroveti. Bakteria huigeuza kuwa asidi, kazi inayotaka joto, unyevu na miezi miwili mitatu. Kwa udongo wa mfinyanzi usio na chokaa huru, gramu 100 hadi 150 kwa mita moja ya mraba hushusha pH kama hatua moja; kwa udongo wa kichanga nusu ya hapo. Ichanganye na udongo wa juu, usiiache imelala juu kama unga wa ugali uliomwagika. Usizidishe gramu 50 kwa mita ya mraba kwa mara moja pale penye mizizi hai, rudia baada ya miezi mitatu.

Lakini kama siki ilichemka, sahau salfa. Hesabu yake ni hii: gramu 32 za salfa humaliza gramu 100 za chokaa. Mita moja ya mraba kwa kina cha sentimita 20 ni takriban kilo 250 za udongo. Chokaa ikiwa asilimia moja tu ya huo udongo, ni kilo mbili na nusu, na utahitaji gramu 800 za salfa kabla pH haijaanza hata kusogea. Kwa mita 10 za ua hiyo ni kazi ya bure. Badilisha udongo.

---

Kitalu_Kakamega:

Niongeze upande wa upanzi, maana hata bila chokaa, udongo mweusi haufai iksora. Masika unajaa maji na hewa inatoka, kiangazi unapasuka na kukata mizizi midogo. Iksora inapenda unyevu usiokatika, lakini haitaki kusimama ndani ya maji.

Usichimbe shimo kwenye udongo mweusi ukajaza udongo mzuri. Shimo la namna hiyo hugeuka bakuli, maji huingia na hayana pa kutokea. Inua tuta. Kwa ua wa mita 10: upana sentimita 60, kimo sentimita 40, jumla mita za ujazo 2.4, yaani wilbaro 40 hivi za lita 60. Mchanganyiko ni sehemu sita za udongo mwekundu, mbili za mboji ya majani, mbili za mchanga mnene wa mto. Udongo mwekundu wa Maseno, Vihiga au huku kwetu una uchachu wa asili, ndio huohuo unaostawisha chai. Ukiagiza lori, uliza umetoka wapi na upime kwa karatasi kabla haujashushwa.

Mchanga wa ufuoni wa ziwa uuepuke ukiona vipande vya makombe ndani yake, hiyo ni chokaa tena. Na kuna mtego wa pili wa huko kwenu: matope meusi yanayotoka viwanda vya sukari. Watu huyasifu, na kwa miwa na mboga yana faida, lakini juisi ya miwa husafishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo huishia kwenye matope hayo. Msiweke kwenye iksora, gadenia wala azalia. Makapi makavu ya miwa ni salama kama matandazo ya juu. Yakichanganywa ndani ya udongo yakiwa mabichi hunyonya naitrojeni.

Tuta likae angalau sentimita 80 kutoka ukutani. Kama nafasi haitoshi, weka karatasi ya plastiki nzito, ile mafundi hutandika chini ya sakafu, isimame kati ya ukuta na tuta kutoka chini hadi juu. Inazuia chokaa na pia inalinda ukuta usinyonye maji.

Nafasi kati ya mche na mche: sentimita 60 hadi 75 kwa iksora ya kawaida, ambayo ikiachiwa hupita mita moja na nusu. Ile fupi yenye majani madogo, sentimita 40. Panda mvua za Machi na Aprili zikishashika. Shingo ya mche isifukiwe, ibaki usawa uleule iliokuwa kwenye mfuko. Mizizi ikiwa imejizungusha chini ya mfuko, ikate kwa wembe mahali patatu kwenda chini, la sivyo itaendelea kuzunguka.

Matandazo sentimita 5 hadi 7: majani makavu ya grevilea au misonobari. Yasiguse shina. Jua saa sita kwa siku au zaidi. Kivuli kikizidi unapata majani tu.

Mbolea ninayoipendekeza ni ile ya chai, NPK 26:5:5 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo), kwa sababu inaongeza uchachu na fosforasi yake ni kidogo. Kifuniko cha soda ni gramu 5 hivi. Mche mchanga kifuniko kimoja, kichaka cha mita moja vifuniko vinne hadi sita, kila baada ya miezi mitatu, ukizungushia chini ya ncha za matawi na kumwagilia. Potasiamu ya mbolea hiyo haitoshi, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka ongeza salfeti ya potashi vifuniko viwili kwa kichaka, hasa ukiona yale mabaka aliyoyataja Udongo_Maseno. Salfeti ya amonia pia inafaa, asilimia 21 ya naitrojeni na salfa ndani yake, lakini ukiitumia peke yake mwaka mzima kichaka kinanenepa bila maua.

---

Lanet_Bustani:

Habari za huko chini. Mimi niko Lanet, Nakuru. Udongo wetu ni wa volkano, unapitisha maji vizuri, hakuna mfinyanzi wala ukuta karibu, lakini iksora inageuka njano vilevile, na kuanzia Juni majani yanakuwa ya shaba na kuungua kingo. Maji ni ya kisima kirefu. Birika la chai lina ganda jeupe ndani. Kuna tumaini?

---

Udongo_Maseno:

Lanet, una matatizo mawili tofauti, usiyachanganye.

Njano inatoka kwenye maji. Maji ya visima vya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, yana bikaboneti ya sodiamu kwa wingi, pamoja na floraidi inayoharibu meno ya watu. Ukimwagilia kila siku, bikaboneti inapandisha pH ya udongo hata kama udongo wenyewe ulikuwa mzuri. Unaweza kuweka salfa asubuhi na kisima kikaimaliza jioni. Mashamba ya waridi yanayotumia maji ya namna hiyo hutia asidi kwenye maji kabla hayajafika kwenye mmea. Nyumbani njia rahisi ni maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Tangi la lita 1,000 linatosha iksora sita hadi wiki tano za kiangazi ukitoa lita 15 mara mbili kwa wiki kwa kila kichaka. Yakiisha, chukua ndoo ya lita 20 ya maji ya kisima, ongeza asidi ya ndimu ya unga kidogo kidogo, kijiko cha chai nusu kwa nusu, koroga, ngoja dakika kumi mapovu yaishe, pima kwa karatasi. Acha ikifika 6. Kiasi kinategemea kisima chako, cha jirani hakikufai.

Shaba ya Juni ni baridi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu haifiki 1,200. Usiku wa Juni na Julai ukishuka chini ya nyuzi 10, iksora husimama kukua na kingo za majani huungua. Tena udongo ukiwa baridi mizizi huvuta chuma na fosforasi kwa shida, kwa hiyo hata aliyeweka kila kitu sawa huona njano kidogo wakati huo. Hiyo inaondoka yenyewe Septemba. Msizipe mbolea Juni.

---

Kitalu_Kakamega:

Kwa Nakuru ningepanda kwenye chungu, lita 20 au zaidi, chenye matundu makubwa chini. Mchanganyiko uleule wa udongo mwekundu. Chungu kikae mbele ya ukuta unaopigwa na jua la alasiri, maana ukuta huo hutunza joto na kulitoa usiku. Kwa kuwa kiko kwenye chungu, chokaa ya ukuta haikifikii. Chungu cha simiti kipya hakifai mpaka kiloweshwe na kumwagwa maji wiki kadhaa, au kipakwe rangi ya lami ndani. Cha plastiki au udongo wa kuchoma ni bora.

Ukitaka ua mrefu wa nje Lanet bila vita hivi, panda plambago ya buluu. Haichagui sana udongo na baridi ya hapo haiiui. Molo na Mau Narok, kwenye sakitu, iksora usijaribu kabisa nje.

---

Bustani_Nyamasaria:

Asanteni sana. Nimepima. Udongo wa karibu na ukuta umechemka kwa siki, karatasi inasoma 8. Wa mita mbili mbele haukuchemka, karatasi inasoma kati ya 6.5 na 7. Na kweli, miche miwili ile imekaa juu kabisa ya mahali pa kukorogea simiti, nimefukua nikapata vipande vya plasta. Mizizi haina vinundu, ila ya chini ni ya kahawia.

Nitajenga tuta mbele. Nizihamishe sasa au ningoje mvua? Na wakati huo nifanye nini zisife? Pia nimeona wadudu kama vipele vya kahawia kwenye matawi na masizi meusi juu ya majani, sisimizi wanapanda na kushuka.

---

Udongo_Maseno:

Ngoja mvua. Ukizihamisha kwenye jua kali na hali hiyo, nusu zitakufa.

Kwa sasa zipe chuma kupitia majani. Salfeti ya feri, gramu 3 hadi 5 kwa lita moja ya maji ya mvua, usipite 5 kwa sababu inaunguza. Maji ya mfereji yanaweza kuifanya ishuke chini kama kutu kabla hujainyunyizia. Tia matone machache ya sabuni ya maji ili ishike. Nyunyizia jioni, juu na chini ya jani, rudia baada ya siku kumi, mara tatu. Lililokwisha kuwa jeupe halirudi kuwa kijani kamili, na penye tone utaona madoa ya kijani. Unachoangalia ni majani yatakayotoka wiki tatu au nne baadaye. Funika sakafu na ukuta kwa gunia kabla ya kunyunyizia. Doa la feri kwenye simiti halitoki kwa sabuni.

Salfeti hiyo hiyo usiimwage udongoni, kwenye pH 8 inageuka kutu papo hapo. Ukitaka chuma cha kumwagilia, uliza aina iliyofungwa na EDDHA, kemikali inayokishika chuma kisigeuke kutu; ni unga mwekundu uliokolea, kwenye maduka yanayohudumia mashamba ya maua. Soma mfuko: EDTA inaachia chuma pH ikipita 6.5, DTPA kwenye 7.5, EDDHA peke yake ndiyo hustahimili udongo wako. Gramu 10 hadi 15 kwenye lita 10 za maji kwa kichaka cha mita moja, ukichimba vijishimo vya sentimita 10 na kufunika baadaye, kwa kuwa jua huivunja. Ni ghali. Kwa miche unayohamisha baada ya muda mfupi, mimi nisingeinunua.

Jivu na CAN acha leo.

---

Kitalu_Kakamega:

Hao ni wadudu magamba. Masizi ni ukungu unaoota juu ya utamu wanaoutoa, na sisimizi wanawalinda ili waule huo utamu. Anza na sisimizi: kata kila tawi linalogusa ukuta au ardhi, kisha zungushia shina utepe wenye grisi, grisi isiguse gome. Sugua magamba makubwa kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Baadaye nyunyizia mafuta ya madini ya bustani kwa kipimo cha kwenye chupa, au mafuta ya mwarobaini mililita 5 na sabuni kijiko kimoja cha chai kwa lita, jioni, rudia baada ya siku saba hadi kumi mara tatu, maana vitoto vya magamba huanguliwa kwa zamu. Usichanganye mafuta na chuma siku moja, achanisha siku tano. Masizi yataoshwa na mvua utamu ukikoma.

Kuhama: wiki mbili kabla ya mvua, kata kwa jembe mzunguko wa sentimita 25 kutoka kwenye shina, usilitoe donge. Siku ya kuhama, punguza matawi theluthi moja, ng'oa na donge zima, kung'uta udongo mweusi wa nje tu, kata mizizi iliyooza mpaka palipo peupe. Panda, shindilia kwa mikono, mwagilia lita 10. Kivuli cha neti au majani ya migomba wiki tatu. Mbolea hakuna mpaka uone majani mapya mawili.

Na chukua vipandikizi kabla ya kuhama, kama akiba, ila kutoka kwenye miche yenye majani ya kijani. Tawi lisilo na ua, lililoanza kukomaa, linalopinda kidogo kabla ya kuvunjika. Sentimita 10 hadi 15, mkato chini ya kifundo, ondoa majani ya chini, yale mawili ya juu kata nusu. Chovya kwenye unga wa kuotesha mizizi. Kwenye kitanda cha kuoteshea weka mchanga wa mto nusu na makapi ya mpunga ya Ahero nusu, makapi yaliyokaa muda nje na kuoza kidogo. Yaliyochomwa yasitumike, jivu lake linapandisha pH. Funika kwa plastiki angavu kwenye fito, juu yake kivuli, nyunyizia asubuhi na jioni ukungu mwepesi. Kisumu ina joto la kutosha, mizizi hutoka wiki sita hadi nane. Usivute kuangalia kabla ya wiki ya sita. Fungua plastiki pole pole kwa siku kumi, kisha mifuko ya lita moja.

---

Bustani_Nyamasaria:

Swali la mwisho: nilikuwa nazipunguza kwa makasi kila baada ya wiki mbili ziwe sawa kama ukuta. Hilo lina ubaya?

---

Kitalu_Kakamega:

Ndiyo maana maua ni machache. Iksora hutoa kishada kwenye ncha ya tawi jipya, na ukiikata kila wiki mbili unakata vishada vikiwa bado vidogo kama mchele. Kata mara mbili kwa mwaka, mara tu wimbi kubwa la maua linapokwisha, juu kidogo ya jozi ya majani. Katikati ya mwaka toa tu vishada vilivyokauka na tawi linalochomoza mbali. Ukitaka ukuta ulionyooka kwa rula, panda kayapa.